Sahani Inayorudi na Maneno

Mpendwa Mshauri,

Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na kama barua itachelewa njiani basi nisaidie hivyo hivyo. Mimi ni msichana wa Mutsamudu ila nasoma Moroni, nakaa kwa shangazi yangu Saoudat, na Kiswahili nimefundishwa na baba, ambaye zamani alifanya biashara Unguja na mpaka leo hutafuta gazeti lenu. Hapa Moroni sisemi sana, kwa kuwa lugha ya kwetu kisiwani Nzuani si sawa na ya hapa Ngazidja, na nikifungua mdomo darasani watu hucheka, kwa hiyo nimezoea kusoma vitabu na kunyamaza.

Mwaka huu wa uhuru kipindupindu kiliingia, shule ikafungwa, na wakati wanaume wanabishana barazani juu ya Ali Soilih na serikali mpya, kina mama wa mtaa wakaligeuza darasa letu kuwa ghala la chakula, mwenye mchele akaleta, mwenye muhogo, ndizi, nazi au mashelisheli akaleta, wakawa wanapika na kupeleka kwenye nyumba zilizowekwa karantini, nami nikajitolea kuosha vyombo kwa sababu chombo hakimcheki mtu. Siku moja mbebaji mmoja hakuja, nikapewa sahani niipeleke kwa Koko Koultoumi, koko kwetu ni bibi, ambaye mjukuu wake aliugua akapona lakini mlango wao ulikuwa bado umezuiwa kwa kamba. Nikagonga dirisha.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Huyo Mimi hana jina?"

Nikalitaja kidogo kidogo, akanitambua kuwa Mnzuani kabla sijalimaliza, akanijibu kwa Kiswahili, kumbe amekulia Unguja, na tangu siku ile tukawa na lugha yetu ambayo mtaani hakuna wa kutucheka.

Alipomimina chakula kwenye chombo chake akataka kunirudishia sahani na ndimu mbili ndani, maana kwake, kama kwetu, sahani ya mtu hairudi tupu, lakini Bwana Chanfi, muuguzi anayelinda njia ile, akapiga kelele, "Koko, hata ndimu isitoke! Sahani yenyewe inakwenda kwenye maji ya dawa!"

"Basi nitatia maneno," akasema Koko. "Na hayo utayachovya?" Kisha akaniambia, "Nimekutilia mkate wa sinia. Shika sawasawa, bado wa moto."

Mshauri, nikaibeba ile sahani kwa mikono miwili. Kijana anayepasua kuni ghalani, Bacar, akanizomea, "We Mnzuani, sahani tupu unaibeba kama imejaa?" na mimi, ambaye sijawahi kumjibu mtu, nikasema, "Ina mkate wa sinia, usinisukume." Akacheka, lakini si cheko lile la darasani, akasema, "Nimegee basi." Tangu hapo kila siku Koko hunitilia kitu, leo sambusa, kesho mataba, yale majani ya muhogo ya nazi, na hunieleza namna ya kuyapika mpaka mate yanitoke, na Bacar huniuliza leo nimeleta nini, na mimi humwambia kwa sauti, mbele ya watu.

Sasa aibu yangu ni hii. Bwana Chanfi anasema hapana mgonjwa mpya, Jumamosi kamba itaondolewa, ghala litafungwa na shule itafunguliwa. Ijumaa khatibu aliomba Mungu atuondolee maradhi, kina mama wote uani wakaitikia Amin, mimi mdomo ukafunguka na sauti isitoke, na hakuna aliyeshangaa kwa kuwa sauti yangu haina sifa ya kusikika, lakini mimi najua. Watu wamezikwa na mimi nafurahi, je, nina roho mbaya? Tena nikimwambia shangazi nataka kwenda kwa Koko baada ya Jumamosi anasema, "Umetumwa nini? Msichana haendi nyumba za watu bila kutumwa, wataona una njaa." Nifanye nini?

Mbeba Sahani, Moroni

*

Mwanangu Mbeba Sahani,

Barua yako imefika na Jumamosi yako imepita zamani. Kamba imeondolewa, na nakujua vya kutosha kusema kwamba hujaenda. Umekaa na kitabu, unasoma ukurasa ule ule.

Roho mbaya huna. Hukufurahia maradhi, ulifurahia kuulizwa jina. Lakini nitakugombeza, maana unastahili. Wewe ulikuwa unakuja dirishani na kuondoka. Koko alibaki ndani, hajui lini atakwenda sokoni au kumwona jirani, na mtoto wa watu anayempenda alitaka kamba ikae! Hukufikiri, sasa fikiri. Na ile Amin uliyoimeza, itoe. Mungu hasubiri Ijumaa.

Shangazi yako Saoudat ana haki ya kuuliza umetumwa nini, wala usimbishie. Mjibu. Mwambie kwamba Koko Koultoumi kwake sahani hairudi tupu, na zote alizokurudishia zilirudi bila kitu, kwa amri ya muuguzi. Mwanamke wa namna hiyo anaona haya mpaka leo, na anashindwa kukuita kwa kuwa hajui unakaa nyumba gani. Shangazi ataelewa kabla hujamaliza, labda akutafutie na kawa la kufunikia.

Usiende mkono mtupu. Pika mkate wa sinia kama ulivyoelekezwa. Utaungua chini, wa kwanza huungua, peleka hivyo hivyo, apate la kukusahihisha. Safari hii pita mlangoni, dirisha liache. Kaa, ule chake naye ale chako, kisha omba kurudi siku nyingine kumsaidia kazi. Sahani atakayokupa ina haki ya kuwa nzito, na njiani umpe Bacar kipande, kijana wa watu amesubiri sana. Shuleni nako wakicheka, wajibu kama ulivyomjibu yeye. Umeshaweza mara moja.

Nenda leo, kabla hujamaliza gazeti. Koko atauliza, "Nani huyo?" Tafadhali, mwanangu, usijibu "Mimi."