Mbuzi Aliyeaga Dunia

Jumatatu, 4 Machi
Sura ya visawe imekwisha! Kitabu cha darasa la sita, kila mwandishi anaandika sura hii kivyake, nayo ndiyo itaamua nani aongoze kitabu kijacho. Sentensi zote nimezitoa nyumbani kwetu. Mbuzi wa jirani alikufa. Paka alizaa uvunguni. Baba aliondoka bila kuaga — hiyo nilisita, nikaiweka. Mwanafunzi aiseme upya kila moja kwa maneno mengine, maana isipotee. Kidoti, tunayekaa naye meza moja, niliyemfundisha kazi tangu siku ya kwanza, ameomba nakala ajifunze. Nimempa. Wa kwangu huyo.

Jumatano, 6 Machi
Kidoti hajaja, eti kichwa kinamuuma. Nimemfanyia kazi zake. Sura yangu nitaikabidhi Ijumaa, bado naipiga msasa.

Ijumaa, 8 Machi
Siamini. Kikao asubuhi, mhariri mkuu kashika sura ya Kidoti — kaikabidhi jana — anaisifu. Anasoma: mbuzi wa jirani aliaga dunia. Mbuzi! Kamuaga nani? Kisha paka akajifungua uvunguni. Nusura nicheke. Halafu hii: mzazi wa kiume alitoweka pasipo kuaga. Baba yangu. Hata baba yangu kambadilisha maneno, kamfanya wake. Habari hiyo nilimsimulia yeye peke yake, tukalia wote chooni kazini. Naye anatazama kucha zake. Nimeumia. Nimeumia sana.

Nikampelekea mhariri sura yangu. Akazilinganisha, akauliza nani kamwiga mwenzake. Nikamwonyesha mbuzi: mwenye sentensi yake huandika "alikufa", wala hawazi mara mbili. "Aliaga dunia" huletwa na mtu anayeficha alikoitoa sentensi. Mhariri akataka sentensi moja tu ya kueleza kilichotokea, nimpe Jumatatu, aifikishe kwa mkurugenzi.

"Chagua neno vizuri," akasema. "Hilo ndilo litakaloamua kama anabaki au anaondoka."

Jumamosi, 9 Machi
Kidoti alichukua sura yangu. Kuchukua — hata kikombe changu huchukua kila siku. Kidoti aliazima. Anayeazima huomba, tena hurudisha. Alinakili? Kanakili nini, na kila neno kaligeuza! Alikosea. Aliyekosea haumwi kichwa Jumatano akakabidhi Alhamisi.

Ana watoto wawili na hana mume. Najua. Nisingejua ningekuwa nimeshamaliza.

Simu zake sijapokea. Sasa kaja mwenyewe. Mama kamfungulia, yuko sebuleni, nasikia vikombe. Mama hajui lolote, sikumwambia, maana ningeanzia wapi bila kumtaja baba? Wanacheka. Kidoti anacheka, nyumbani kwetu!

Nimeandika aliiba. Nimefuta. Nimeandika tena.

Mama anagonga mlango wa chumba. "Mwanangu, toka huko. Ndugu yako amekuja."