Video ya Gauni la Njano

Fisksätra, 14 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini magoti yamepata nafuu tangu baridi ya Julai ipite huko Mbinga. Sisi huku hatujambo. Nakuandikia kwenye karatasi kama ulivyotaka, maana najua simu siku hizi unaishika tu, husikii kinachosemwa.

Baba, chumba cha kushonea nimekipata. Kiko karibu na stesheni, dirisha linatazama reli. Nina cherehani mbili, kioo kirefu na pazia la watu kubadilishia nguo. Baada ya miaka kumi na moja ya kufagia ofisi za watu kule Kista, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Shida ilikuwa wateja. Wiki mbili za kwanza waliingia watu watatu, na mmoja alikuwa anaulizia daktari wa meno. Séraphine, jirani yetu Mkongo anayekaa ghorofa ya juu, akaniambia huku mtu haoni duka kwa macho, analiona kwanza kwenye simu. Kwa hiyo tumeanza kutengeneza video, mimi na Queen. Yeye anashika simu, mimi naeleza. Ya kwanza nilisimama kama mshtakiwa, haikutazamwa na mtu.

Jumamosi iliyopita tulibadilishana. Nilimvisha Queen gauni la njano nililoshona, mimi nikashika simu. Gauni likamkwama kichwani. Mikono juu, anazunguka kama kuku aliyefunikwa tenga, anaita, “Mama, nimekwama,” kisha maneno mengine ya Kiswidi. Nilicheka mpaka simu ikatikisika. Nikairusha vilevile, jioni ile ile. Baba, kwa siku tano imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wote wa Mbinga mjini, na simu ya duka haipumziki. Mwombe Ladislaus wa duka la dawa akuonyeshe.

Queen amenuna kidogo, lakini ni mambo ya umri. Mwakani Juni anamaliza shule.

Mwanao,
Domina


Mbinga, 20 Oktoba 2023

Mwanangu Domina,

Marahaba. Milele na amina. Magoti yapo, yananikumbusha kila asubuhi kuwa ni yangu. Kahawa imevunwa vizuri, na kuku wa mama yako mdogo wamepona kideri.

Video nimeiona. Nimeiona mara tatu, na mara ya nne Ladislaus akasema ana wagonjwa wanasubiri. Kama fundi nakuambia kosa si la mtoto, ni lako. Zipu ya ubavuni umeiweka fupi mno. Gauni la kitambaa kile linataka zipu ifike karibu na nyonga. Nilikufundisha.

Nimefurahi kumwona mchumba wangu Queen. Amerefuka, ana shingo ya bibi yake. Ila nikueleze jambo moja. Watu wote waliojaa pale dukani walicheka kwa sababu walisikia kicheko chako. Mimi sisikii, kwa hiyo nilitazama uso. Mwishoni, kichwa kinapotoka kwenye gauni, anakutazama wewe uliyeshika simu. Hakuwa anacheka.

Pengine macho yangu nayo yamezeeka. Nisalimie mtoto, na unijibu.

Baba yako,
Kasiani


Fisksätra, 3 Desemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mnaendeleaje? Huku theluji imeanguka, na saa tisa alasiri giza limeshaingia. Nawasha taa ya dirishani niketi chini yake.

Kazi ni nyingi, namshukuru Mungu. Suruali za kupunguza, zipu za makoti, mapazia. Kuna bibi harusi wa Nacka aliyeleta magauni sita ya wasimamizi wake, yote ya kurekebisha. Wengi wakifika wananiambia wameniona kwenye ile video. Kule Kista nimeaga. Natengeneza video nyingine kila wiki, jinsi ya kutia kiraka, jinsi ya kupindua kola iliyochakaa.

Ulisema kweli kuhusu zipu. Nimeibadilisha.

Queen hajambo, anakusalimia. Ana masomo mengi. Nisamehe kwa ufupi wa barua, mteja anagonga.

Mwanao,
Domina


Mbinga, 9 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mwaka mpya umetukuta wazima, isipokuwa mzee mwenzangu Anicet tuliyemzika wiki ya Noeli. Uliniletea salamu za Queen katika mistari minne, na mmoja ulisema mteja anagonga.

Ladislaus amenionyesha video zako zote za tangu Novemba, moja baada ya nyingine. Mikono yako ni mizuri, mshono umenyooka. Lakini picha imetulia mno. Haisogei hata unene wa uzi. Unapoinama kuchukua mkasi chini, inabaki inatazama ukuta mpaka urudi. Aliyeshika simu akiwa binadamu angekufuata. Simu hiyo imeegemezwa kwenye kitu. Tena nyuma yako kwenye kigingi lilikuwapo koti jekundu la mtoto, sasa kigingi ni kitupu.

Mimi niko mbali na ni kiziwi, lakini si kipofu. Niambie mtoto yuko wapi.

Baba yako


Fisksätra, 11 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nane bila kujua nianzie wapi.

Queen hakai nami tena. Anakaa Södertälje kwa baba yake, Elijah. Kutoka kule kuja shuleni ni zaidi ya saa nzima kwa treni, kila siku kwenda na kurudi, na bado ameona hiyo ni afadhali.

Ni ile video. Wiki mbili tu baada ya kuirusha, wenzake shuleni waliijua kwa moyo. Akipita kwenye korido wavulana na wasichana wanaita, “Mama, nimekwama,” kwa lafudhi ya kubeza, watu wasiojua neno jingine la Kiswahili. Kwenye chumba cha kulia mmoja alivuta sweta lake juu ya kichwa akazunguka zunguka, meza nzima ikacheka. Alinieleza yote siku moja akiwa amesimama mlangoni bila kuvua viatu. Akaniomba niifute.

Nilimwambia asubiri wiki hiyo ipite, maana wateja ndiyo walikuwa wameanza kuja. Wiki ikapita, nikamwambia tena asubiri yule bibi harusi alete kazi yake. Mara ya tatu nilimwambia watu watasahau. Baada ya hapo hakuniomba tena, nami, Baba, nikadhani imekwisha.

Tarehe kumi na nane Novemba nilitoka kupeleka mapazia, nikamkuta amekaa kitandani na koti mwilini, begi limefungwa. Alikuwa ananisubiri ili asiondoke bila kuaga. Aliongea Kiswidi, kama anavyofanya akitaka maneno yasimponyoke. Alisema hivi:

“Ungeifuta siku ile ya kwanza, ningesahau. Wale wanafunzi si kitu kwangu. Lakini nilikuwa nakuomba wewe.”

Nikamjibu jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kumpa mtu. Nilisema yote haya nayafanya kwa ajili yake.

“Basi usifanye,” akasema, akainua begi.

Nilikudanganya kuhusu salamu. Jumapili nikitoka misa nanunua mkate wa watu wawili kwa mazoea, nusu naila mpaka Jumatano. Sina wa kuongea naye kuanzia nifungue duka mpaka nifunge isipokuwa wateja, na wateja wanaongea habari za suruali. Habari nyingine naiambia simu ninapojirekodi.

Na video bado ipo. Hili ndilo lililonichelewesha kuandika. Kidole nimekiweka pale pa kufutia mara nyingi. Naona nikiifuta sasa, itakuwa nimempoteza mtoto bure.

Mwanao,
Domina


Mbinga, 8 Machi 2024

Domina mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea nyuma ya nyumba, kisha nimeitia mfukoni, hakuna mwingine aliyeiona. Sitakugombeza. Nitakueleza habari ya mama yako ambayo sijamweleza mtu.

Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza mbona mke wa fundi anavaa mitumba. Nilikujibu kwamba fundi hana muda wa kushonea nyumba yake. Nilisema uongo.

Mwaka tuliofungua duka nilimshonea gauni lenye kola kubwa ya marinda, kitu ambacho Mbinga haijaona. Nikamvalisha Pasaka ili watu wajue kazi yangu. Wanawake walimcheka tangu mlango wa kanisa mpaka njia panda. Wakamwita Kola. Lakini Jumatatu wakaja dukani, wengine kuitazama tu, wengine na vitambaa mkononi. Mama yako akaniomba asilivae tena. Nikamwambia, mara moja tu, Pentekoste, watu wa Litembo watakuwepo. Akalivaa. Alirudi nyumbani peke yake kwa njia ya mtoni.

Tangu siku ile kila nguo niliyomshonea aliipokea, akanishukuru, akaikunja, akaiweka sandukuni. Kanisani alikwenda na mitumba miaka thelathini na moja. Watu walidhani ni unyenyekevu. Tulipomzika nilifungua sanduku, nikakuta nguo zangu zote, hata mikunjo ya pasi ya kwanza haijatoka. Duka lilistawi, Domina. Liliwasomesha ninyi wote. Lakini mimi ndiye niliyejua kwa nini mke wangu ananipa mgongo akivaa.

Unasema ukiifuta utakuwa umempoteza bure. Hesabu hiyo niliipiga nami. Ifute. Kisha mwandikie kwamba umeifuta, na umwombe radhi. Usimwambie arudi, usimwambie umebaki peke yako. Akijua unamwomba kitu, radhi itageuka kuwa bei.

Baba yako,
Kasiani


Fisksätra, 26 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Séraphine anakushukuru kwa kahawa, amesema ladha yake imemkumbusha Bukavu. Sasa huku ni nuru tu, jua linakataa kuzama.

Barua yako ilifika tarehe mbili Aprili. Video niliifuta siku hiyo hiyo, nimesimama, kabla sijavua koti. Nikamwandikia Queen kwenye simu kama ulivyosema, mistari mitatu. Alama ikaonyesha amesoma. Hakujibu.

Wateja wamepungua, sikufichi. Video zangu za viraka wanazitazama wachache, wengi wao wazee. Asubuhi na mapema nimerudi Kista siku tatu kwa wiki, nafungua duka saa sita. Inatosha kuishi. Nilishaanza kuzoea kwamba hata sherehe ya Queen ya kumaliza shule nitaiona kwenye picha za watu. Huku siku hiyo wasichana wote huvaa nyeupe, na familia husimama nje ya mlango wa shule kuwapokea. Ni tarehe tano Juni.

Jumatatu iliyopita nilifungua orodha ya miadi, pale wateja wanapojaza jina na kazi wanayotaka. Jumamosi, saa nane, Queen Elijah. Kazi: gauni jeupe, kupita magoti, mikono mifupi. Alijaza kila mstari kama mteja yeyote, hata namba ya simu, kana kwamba siijui.

Alifika jana saa nane kamili. Nywele amezikata. Alisalimia kwa Kiswidi, nami nikasema karibu, maana sikujua nichukue neno gani jingine. Kabla ya kupanda kwenye kigoda alitazama rafu, kisha dirisha, kisha meza.

“Mama, simu iko wapi?”

Alisema kwa Kiswahili, Baba. Nikamwambia imezimwa, iko kwenye mkoba. Akaitikia kwa kichwa, akavua sweta.

Nilimpima. Bega, mgongo, urefu. Kiuno kimepungua inchi mbili, nikaandika. Wewe unajua kupima kifua lazima upitishe futikamba nyuma ya mtu, umzunguke kwa mikono yote miwili. Niliipitisha, nikazishika ncha mbili mbele, na pale nikachelewa. Namba nilikuwa nimeshaiona. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani, uso wangu ukiwa karibu na bega lake. Hakusogea. Nilisikia anapumua. Kisha akasema polepole, hilo nalo kwa Kiswahili, “Mama, pima tena. Nilikuwa nimebana pumzi.”

Nikapima tena.

Hatukuongea mengi. Nilimwonyesha vitambaa vitatu, akachagua kile kizito. Nilimwomba radhi kwa mdomo, maana maandishi hayatoshi, naye akakunja kunja ncha ya kitambaa akasema ameusoma ule ujumbe, anaujua. Kuhusu kurudi sikuuliza. Kuhusu mlango wa shule tarehe tano sikuuliza, na yeye hakusema. Atakuja kujaribu gauni Alhamisi.

Alitoka saa nane na dakika arobaini. Treni ilikuwa bado dakika kumi na nane, na angeweza kusubiri ndani, kiti kipo. Alikwenda kwenye jukwaa la stesheni. Pale jukwaani watu husimama wakitazama upande treni inakotokea. Yeye alisimama akilitazama dirisha langu. Hakupunga mkono, nami sikupunga. Nilisimama tu, futikamba shingoni, tukatazamana mpaka treni ikaingia katikati yetu.

Gauni nimelikata leo baada ya misa. Nilianza mara mbili.

Mwanao,
Domina