Ummi amejulia pangoni

Shoga, Ummi ameshajua. Na amejulia ndani ya lile pango la barafu la kwenye maduka makubwa, mbele ya watalii!

Si tulikubaliana asiambiwe mamake amefariki mpaka kaka yake Mubin afike kutoka Abu Dhabi? Basi tukampeleka huko, kwa sababu simu zinaachwa kabatini mlangoni, asipigiwe na watu wa nyumbani. Huku nyuma watu wakusanyike kwa msiba chumbani kwetu, mtaa wa Karama.

Ummi wa watu, koti limemfika magotini, anacheka. Akamwita Onesmus, yule Mkenya mwenzetu anayetembeza wageni na kamera shingoni: "Kaka, nipige video nimsalimie mama!"

Onesmus tulikuwa tumeshamnong'oneza. Akainamisha kichwa. Na sisi wote tukageukia kufunga zipu za makoti. Sisi wasemaji, shoga!

Ummi akatutazama mmoja mmoja. "Tangu asubuhi hakuna aliyenitania. Hata tiketi mmenilipia. Ni mama?"

"Ni mama?" Taratibu hivyo hivyo.

Akavua glavu, akaweka kiganja kwenye ukuta wa barafu. Nikajua sasa atapiga ukelele. Wapi!

"Yalla, nitoeni," akasema. "Mama alikuwa hapendi baridi."