Kompyuta Iliyomo Ndani ya Kompyuta ya Zuhura

Jumatatu, 12 Januari

Chai bila sukari tena. Mke wangu Somoe anasema daktari kakataza. Daktari hakai na mimi.

Meza yangu ya chakula imetekwa. Mjukuu wangu Zuhura, mke wangu mdogo, alirudi hapa kwetu Mchinga na kompyuta lake kutoka Dar, akalipandisha pale. Sasa nakula mkekani. Bibi yake anamwita mke mwenza na kumpa mapaja ya kuku. Mimi napewa shingo.

Leo kanionyesha kitu. Kwenye kioo kuna dirisha, na ndani ya dirisha kuna kompyuta nyingine. Inawaka kivyake. Inauliza jina na neno la siri. Nilitazama nyuma ya kioo. Nikainama chini ya meza. Hakuna kitu ila sanduku lake la betri, la kushikilia umeme ukikatika. Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu.

Anaiita mashine pepe. Haina chuma, haina waya. Imemegewa ubongo na ile kubwa, basi inajiona kompyuta kamili.

Nina miaka sabini na kitu. Hii sijaiona.

Jumanne, 13 Januari

Nimemuuliza ya nini. Anasema tovuti anayoitengeneza itakwenda kukaa kwenye kompyuta ya watu, mbali, ya namna tofauti na yetu. Kwa hiyo anajenga mfano wake humu ndani, anajaribu, anakosea. Ikiharibika, kubwa haina habari. Akaunda nyingine ndogo nishuhudie, akaandika mstari mmoja, ikafuta kila kilichomo. Ikafa pale pale. Kubwa ikaendelea kuonyesha saa kama si jirani yake.

Nikaelewa kikwetu. Ni kumbi la jando. Wanangu walijengewa porini, wakafundishwa huko, wakafanya upumbavu wao wote huko. Siku ya kutoka likachomwa moto. Kijijini hakuna paa lililoungua. Nikamwambia.

"Babu, hiyo naiba," akasema.

Nimevimba kichwa mchana kutwa.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni moja huko Dar imempa mtihani: tovuti ya kukata tiketi za mabasi. Mwisho Jumamosi saa sita mchana. Akifaulu atafanyia kazi hapa hapa, mezani kwangu. Akifeli anarudi mjini kuhangaika. Nataka afaulu. Sijamwambia, atajiona.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeharibu.

Zuhura alikwenda kwa jirani kwenye arobaini, kusaidia kupika pilau. Aliiacha kompyuta inafanya kazi. Kasema isiguswe.

Saa nane wingu, kisha radi. Nyumba hii radi ikilia tunafunika vioo na kuchomoa kila kitu. Nimeyakuta kwa baba. Nikachomoa redio, nikachomoa friji, nikachomoa kompyuta. Haikuzima. Lile sanduku la betri chini ya meza likaanza kulia pi, pi, pi, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Nikaling'oa waya wake pia. Kimya. Nikajisifu.

Zuhura karudi jioni. Kubwa imewaka vizuri. Ya ndani haikuamka. Mistari miwili ya maandishi meupe, basi. Ilikatwa katikati ya kuandika.

"Babu, kumetokea nini?"

"Radi," nikasema.

Mzee mzima nasema uongo. Yeye hakulia. Afadhali angelia.

Ijumaa, 16 Januari

Kumbe Jumatatu aliipiga picha. Si picha ya kutazama. Picha ya hali yake yote, kila kilichokuwemo saa ile. Asubuhi kabonyeza mara mbili, ikarudi. Jana maiti, leo hai. Na saa yake kwenye kona ikasema Jumatatu, saa nne na dakika kumi na nne.

Huku nje Ijumaa, Somoe anapeta mchele. Mle dirishani bado Jumatatu, na hakuna mzee aliyechomoa kitu. Malaika ya mikono yalinisimama. Nikasema subhanallah, nikarudia.

Nikawaza ningekuwa na picha hiyo ningerudi siku gani. Nimepata siku tatu. Mbili siziandiki, Somoe hujifanya hajui kusoma. Ya tatu ni ile niliyoacha darasa la tano nikaokote korosho.

Lakini picha ilijua mpaka Jumatatu tu. Kazi yote ya baada ya hapo imekwenda. Siku tatu zirudiwe kwa siku moja na kidogo. Msikitini sikusikia hotuba hata neno. Nilipotoka nikakiri.

"Nilijua," akasema. "Waya wa betri haujichomoi wenyewe, mume wangu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka nione utaweza mpaka lini."

Adhabu yangu: kukaa kando ya soketi, nisiguse wala mtu mwingine asiguse. Waliokuja kuchaji simu nimewafukuza. Mmoja shemeji yangu. Hiyo nimeifurahia.

Jumamosi, 17 Januari

Saa tatu wingu. Saa nne radi.

Somoe kapiga kelele jikoni, "Chomoa, unataka kutuunguza?" Mbuzi watatu wa kaka yangu waliuawa na radi, mimi ndiye niliyewafukia. Mkono ukawa unakwenda wenyewe kwenye waya. Nikaukalia. Wa pili ukaanza, nikaukalia nao.

Zuhura hakugeuka. Mle dirishani tovuti ilikuwa inaota kidogo kidogo: basi, viti, kiti kinageuka kijani ukikigusa. Ikapiga moja karibu mpaka glasi kabatini zikalia. Niliogopa sana. Sikuchomoa.

Saa tano na nusu akatuma. Ukurasa wa malipo haukuisha, na kawaandikia ukweli kwa nini. Kisha akachomoa waya yeye mwenyewe, akanyoosha mgongo. Mimi mikono imekufa ganzi.

Jumatano, 21 Januari

Hakuna jibu. Anakunja nguo zake, anazikunjua. Simu yake ikilia nainuka mimi. Ni watu wa vifurushi.

Nimekula vibaya.

Alhamisi, 29 Januari

Jibu lilikuja Jumatatu, sikuweza kuandika. Wamemchukua. Wamemwambia amalize ule ukurasa kwanza, afanye nao kazi miezi sita, halafu wataona. Ameshaanza. Sasa ana simu za kazi na sauti ya kizungu, nami nimekatazwa kukohoa.

Kaniundia mashine pepe yangu, mle mle ndani. Nimefundishwa kuiwasha. Naruhusiwa kuiharibu nitakavyo. Niliandika jina langu, likatokea. Nikaandika la Somoe. Kisha nikabonyeza kitu nisichokijua, kioo kikawa cheusi.

Nikamwita Zuhura. Alikuwa kwenye simu ya kazi. Akaniinulia kidole, nisubiri.

Nikasubiri. Sina safari. Naye hana.