Dawa ya Kushika Poda

Jumatatu, 5 Mei
Nimekamua shubiri tena. Ya jana imenuka, nimemwaga. Nimechemsha majani ya chai ya shambani kwangu, nimechuja, nimetia gliserini ya dukani. Binti yangu Atupele anapamba maharusi huko Mbeya. Jumamosi ana harusi hapa Mpuguso na anaogopa mvua yetu itaosha uso wa bibi harusi. Kuna dawa ya kupuliza juu ya poda ili ishike. Imemwishia. Nikamwambia kwenye simu nitatengeneza mimi. Akacheka. Mimi baba yake nimepulizia viazi dawa tangu hajazaliwa, kushikisha kitu kwenye jani bichi nani ataniambia? Kasema atapita Ijumaa, alale, aichukue. Miaka miwili hajafika.

Jumanne, 6 Mei
Nimenunua poda. Muuza duka kauliza ya nani. Yangu. Nimepaka, nimepuliza, nimetoka kwenye mvua. Yote imeshukia shingoni. Jirani yangu Ambakisye kaniona, kanisalimia kwa kejeli. "Ugonile, bibi harusi! Bwana yuko wapi?" Mjinga. Viazi vyake vyote vilioza.

Jumatano, 7 Mei
Gliserini nyingi mno. Nzi kaganda kwenye paji la uso.

Alhamisi, 8 Mei
Imeshika! Gliserini kidogo, kupuliza kwa mbali, halafu kungoja ikauke kabisa. Watu hawajui kungoja. Nimesimama kwenye mvua mpaka koti limelowa. Poda ipo. Kidevuni imetoka kidogo, kidevu si kitu. Tukuyu nzima hakuna mwingine anayeweza. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nimezunguka nyumba. Hakuna mtu. Hata Ambakisye kaenda Masukulu msibani.

Ijumaa, 9 Mei
Nimefagia. Nimetandika kitanda chake. Nimepika ndizi na maharage, sufuria kubwa. Jioni pikipiki imeingia. Si yeye, ni kijana wa bodaboda. "Shikamoo babu. Dada Atu kanituma chupa. Kasema kazi imembana, kesho atapitiliza harusini." Nilitaka kumnyima. Nimempa. Nimemwambia asiilaze chupa, itamwagika.
Chakula kimebaki. Imeniuma.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani nimekaa nyuma. Mchana Atupele kapiga simu. Amesharudi Mbeya. "Tata, imekaa! Mvua, machozi, kucheza, uso uko vilevile! Nitumie meseji ulivyochanganya, nitengeneze mwenyewe."
Nikamwambia haiandikiki. Inataka jicho. Uje nikuonyeshe.
"Haya tata. Nitakuja."
Nimekata simu kabla hajasema lini.