Kilichomuua Puseletso

Kaka yangu Tšeliso,

Theluji imeyeyuka huku milimani na kondoo wako wamepona. Mama ameanza kula kidogo.

Uliniuliza mdogo wetu alikufa kwa nini. Wodini homa haikushuka, akazidi kukonda, na kila nilipouliza, daktari alinijibu, "Dada, huyu ana virusi vya UKIMWI. Unategemea nini?" Kifua kikuu hakumpima, eti kwa sababu hakohoi.

Alipofariki nilikataa kumzika mpaka mwili uchunguzwe. Baba mdogo alifoka, "Unataka mtoto wetu apasuliwe kama mbuzi?"

"Nataka kujua, Baba mdogo," nikamwambia, nikajifunika blanketi langu na kukaa mlangoni pa daktari mpaka akakubali.

Kilikuwa kifua kikuu, kaka! Kilishaenea kwenye ini, kwenye wengu, hadi ubongoni. Ugonjwa wenye dawa, na dawa zenyewe zimejaa hospitalini humohumo! Daktari akasema, "Wagonjwa wengi wenye virusi, tukiwachunguza wakishakufa, tunawakuta na kifua kikuu."

"Kama unajua ni wengi, mbona huyu hukumpima?"

Akanisainia karatasi za kuchukua mwili. Nami nikamchukua Puseletso, tukaenda kumzika.

Sasa wewe. Najua unameza dawa zilezile za virusi alizokuwa akimeza yeye, na sijamwambia Mama. Ila juzi kwenye simu ulikohoa mpaka ukashindwa kuniaga. Kesho usishuke mgodini, nenda kliniki. Wakikuambia ni virusi tu, waambie wakupime kifua kikuu ukiwa bado hai.

Dada yako,
Nthatisi