Uso wa Mama wa Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Fundi cherehani wa jirani kaniletea picha ya marehemu mama yake. Ndiyo pekee aliyonayo. Mama kasimama mlangoni, jua liko nyuma, uso mweusi tii kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Ubavuni kabeba mzigo. Anataka uso tu. Anasema mama alifariki siku ya kumzaa — mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Nikamwambia, dada, umefika kwa mwenyewe. Shule sikumaliza, lakini kompyuta huniamkia shikamoo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiskani. Grafu ya mwanga aibu tupu: vidoa vyote vya picha vimesongamana upande wa giza kama wageni waliogoma mlangoni, viti vya mbele vitupu. Dawa ni kusawazisha — vitawanywe, kuanzia weusi mpaka weupe. Nikabonyeza. Mama wa watu akawa kijani, ukuta zambarau. Mke wangu akapita, akauliza huyu marehemu alilishwa sumu? Kumbe nimesawazisha nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake. Kosa la wanagenzi. Bingwa naye hupumzika.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimegusa mwanga tu, rangi nimeziacha. Tena kipande kwa kipande, maana mwangaza wa nje ulikuwa unameza kila kitu. Uso umetoka! Una chengachenga, lakini umetoka. Paji ni la fundi mtupu. Nikajipongeza kwa soda.
Kisha mzigo nao ukatoka. Si mzigo. Ni mtoto, anacheka. Meno mawili, ya chini.
Soda ikanishinda.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi kaja shangazi yake fundi, ndiye aliyemlea. Kasikia habari za picha. Nikamwonyesha. Akasema kigauni hicho cha mtoto alikishona yeye.
Nikauliza, mama, basi huyu marehemu?
Akasema hakufa. Aliondoka tu. Wakaona kaburi ni rahisi kumweleza mtoto kuliko barabara.
Akasema, mwanangu, irudishe gizani. Si wewe wanakuita Profesa, unayeweza kila kitu?
Kuweza naweza. Ni kubonyeza tu. Kwa mara ya kwanza sikujisifu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechapa mbili. Moja uso peke yake, nimeukata shingoni, kama alivyoagiza mteja. Nyingine nzima.
Fundi kaja na shangazi. Nimempa uso. Kalia, kacheka, kajipapasa paji, kaenda kwenye kioo cha wateja. Kamwita shangazi aje aone. Shangazi kasema anaonea hapo hapo alipo.
Kisha fundi kauliza: kaka, mbona kainamisha macho? Anatazama nini huku chini?
Shangazi kanikazia jicho.
Nimesema ngojeni, printa inapata moto. Printa haijawahi kuhitaji moto. Naandikia hapa nyuma ya pazia. Ile nzima ninayo mkononi, na fundi anaita tena, Profesa, anatazama —